Mwalimu Aliyechukia Mbalamwezi

Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kigoda alikiwekea mguu mmoja, kama mtu anayetaka kupanda baiskeli, akaongea nawe huku macho yake ameyatupa juu ya paa. Chai aliinywa akitembea. Simu aliongea akiuzunguka mpapai wangu wa uani, mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu na mvua ikinyesha maji yanasimama pale. Nilikuwa nikimwambia, "Mwalimu, huo mpapai hauna miguu, mbona unaulinda hivyo?" Alicheka, akaendelea kuzunguka.

Alipanga vyumba viwili vya uani kwangu, hapa Bigwa, kwa miaka mingi kuliko mpangaji yeyote niliyewahi kuwa naye. Kazaliwa wapi na nani, hayo yana wenyewe wa kuyasema. Nilichojua mimi siku ya kwanza ni kwamba anafundisha chuoni na kwamba ni mwanamke wa Kinyamwezi, yaani mtani wangu mimi Mluguru. Hayo mawili yalinitosha. Mtani unamtukana asubuhi na mchana unamwomba chumvi.

Kazi yake ilinichukua muda kuielewa. Mimi nimesoma darasa la nne la zamani, mwandiko ninao, hesabu za sokoni hanipati mtu, lakini mambo ya juu nilikuwa nimemwachia padri. Yeye alinieleza jikoni, nikisonga ugali. Alisema hivi: nyota tunazoziona kwa macho ni za mtaa wetu tu. Mbali kabisa kuna mitaa mingine ya nyota, ndiyo galaksi, na hazihesabiki. Nyingi zimetulia. Chache hazitulii. Katikati yake kuna shimo linalomeza kila kinachosogea karibu, na vingine vinatemwa kabla havijamezwa. Kinachotemwa kinatoka kwa kasi, kimenyooka, kama maji kwenye mpira uliobanwa mdomo. Na zipo galaksi ambazo mpira wake umeelekezwa kwetu sisi, usoni.

"Mbona hatuloi?" nikamuuliza.

"Tunaloa, Bibi. Kila siku."

Miale ile, alisema, inaitwa ya gama, na hiyo anayoitafuta yeye ina nguvu kupita mwanga wowote ninaoujua, lakini yenyewe haifiki chini. Inaipiga hewa huko juu, inapasuka vipande, vipande vinashuka kama manyunyu, na katika kushuka vinatoa mmweko wa rangi ya samawati, hafifu, unaowaka na kuzimika kabla jicho halijapata habari. Yeye na wenzake walikuwa na vioo vikubwa kama nyumba, huko jangwani Namibia, vya kuukinga mmweko huo. Mara moja moja alisafiri kwenda kushika zamu. Siku nyingine zote aliifanya kazi yake uani kwangu, kwenye kompyuta iliyofunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi la mkaa.

"Yaani unakinga mvua usiyoiona," nikamwambia, "kwa kioo, gizani."

"Ndiyo hivyo."

"Na kuna watu wazima wamekubali kukulipa."

"Kidogo, Bibi."

"Afadhali kidogo. Ingekuwa nyingi ningesema wamerogwa."

Sokoni nilikuwa najisifu naye. Mwenzangu mmoja akisema mpangaji wake ni karani wa benki, mwingine wake ni askari magereza wa Kingolwira, mimi nasema wangu anachunga mashimo ya mbinguni, na ninaendelea kupanga nyanya zangu.

Sasa kwa kuwa mmweko wenyewe ni hafifu namna ile, mwanga wowote unauharibu, na adui yake mkubwa akawa mwezi. Watu wote tunafurahia mbalamwezi. Yeye ilimnunisha. Mwezi ukianza kukua alibadilika, akawa mkali hata kwa paka. Aliuita "taa ya jirani asiyejua kuzima." Nami nikiukuta jioni umechomoza upande wa Kingolwira, mkubwa, mwekundu, nilimwita makusudi. "Mwalimu! Njoo umsalimie mkweo!" Anajibu kutoka ndani, "Mwambie nimelala."

Ramadhani ikikaribia alikuja mzee mmoja wa msikiti wa jirani, akamuuliza kwa adabu kama mwezi utaandama kesho au keshokutwa. Mwalimu akamjibu, "Mzee wangu, shikamoo. Mimi kazi yangu ni kujua lini haupo. Siku ukionekana, wewe ndiye utaniambia mimi." Mzee alicheka mpaka kofia ikapinda. Mwaka uliofuata akarudi kuuliza tena, nadhani alitaka kulisikia lile jibu.

Na mtu huyu huyu, aliyelifuata giza mpaka nchi za watu, aliogopa giza. Sisemi kwa utani. Choo kilikuwa nje, hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, naye alikwenda na tochi mbili akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kuamsha kuku. Nikamuuliza huko jangwani anafanyaje. Akasema jangwani hakuna vyura. Mimi nikasema haya, Mungu ana vituko: amempa mtu moyo wa kutazama shimo linalomeza nyota, halafu akamnyima wa kumtazama chura.

Subira nayo ilikuwa hivyo hivyo, nusu anayo na nusu hana. Mwanga aliokuwa akiutafuta uliondoka kwao kabla mtu hajaumbwa, na hilo halikumsumbua. Maharage ndiyo yalimshinda. Aliyabandika, akayafunua, akayachochea, akayafunua tena, mwishoni aliyala yakiwa yanalia kama kokoto. Nyumba nzima tulimsikia akitafuna. Nikawa nachemsha yangu mengi na kumpelekea bakuli. Bakuli lilirudi siku ya tatu, limeoshwa, na ndani yake kitu chochote alichokipata njiani: ndimu, kiberiti, siku moja embe lililoumwa na popo. Hakurudisha bakuli tupu hata mara moja.

Kilichonikera zaidi kilikuwa neno lake: "bado sijui." Msomi mzima. Ndani ya shimo kuna nini? Bado sijui. Mvua itanyesha? Bado sijui. Nikamuuliza ataolewa lini. Akasema, "Hilo najua, Bibi. Siolewi." Nikamwambia angalau tumepata moja.

Kila asubuhi alitoka akautazama mlima. Sisi wa hapa hatuutazami, upo. Yeye aliusimamia mikono kiunoni kama mwenye nyumba anayemdai mpangaji maelezo. Ukungu ukiwa umeuvaa mlima mpaka chini aliguna. Aliupenda Uluguru, alisema hajaona pazuri kama pale, na alisema pia kwamba aliyeuweka mlima wenye mawingu namna ile hakuwa na nia njema na watu wa kazi yake.

Alikuwa na galaksi moja. Wenzake walikuwa na nyingi, wanagawana, yeye alikuwa na moja iliyomkaa rohoni. Haikuwa na jina, ilikuwa na herufi na namba kama gari, kwa hiyo mimi nikaiita Mwanao. Nilikuwa nasema, "Mwanao ameamkaje?" Naye anasema, "Bado kimya." Darubini za namna nyingine zilikuwa zimeiona, lakini kwa ile miale mikali hakuna aliyewahi kuipata. Yeye alikuwa ameshikilia kwamba ipo siku itawaka, na ikiwaka, miale yake itakuwa imetoka mbali kiasi cha kuwaonyesha njiani ilikopita kuna nini. Aliandika maombi, akaandika tena, mwishoni wenzake wakampa haki: ikionekana inaanza kuamka, yeye ndiye wa kutazama namba na kusema ndiyo au hapana, na akisema ndiyo vioo vyote vinaacha kazi nyingine vinaigeukia.

Mara ya kwanza alisema ndiyo. Vioo vikageuzwa. Wakaitazama mpaka mwezi ukachomoza, wakaambulia giza. Wenzake waliokuwa na kazi zao walimwandikia maneno mafupi, yale mafupi yanayouma. Wiki hiyo mpapai wangu ulizungukwa mpaka nikauonea huruma. Kuanzia hapo simu ikilia tu alishtuka, hata ikiwa ni kampuni ya simu inamtangazia vifurushi. Halafu wakampa msimu mmoja wa mwisho. Mwanao akiamka kiangazi hiki na Mwalimu akasema ndiyo, sawa. Asipoamka, haki anapewa mtu mwingine mwenye galaksi nyingine.

Ni katika kiangazi hicho hicho ndipo alipotutia kwenye kesi.

Alikuwa ameniomba mahali mlimani. Hapa chini taa ni nyingi, za mji, za kiwanda cha Mzinga, za magari ya barabara kuu. Alikuwa ametengeneza chombo chake cha kufundishia: pipa la plastiki, ndani yake kioo cha duara, na juu ya kioo jicho la umeme. Alinieleza wazi. "Hili haliwezi kumwona Mwanao, Bibi, ni dogo mno. Litaona mimweko ya manyunyu yoyote yanayoanguka juu ya Uluguru. Lakini mwanafunzi akishaupata mmweko mmoja kwa pipa alilolifunga kwa mikono yake, hatakuja kuniambia haya ni mambo ya Wazungu."

Hilo nililipenda. Nikaenda kwa ukoo, nikasema, nikapewa. Kwetu Waluguru ardhi inashuka kwa mama, na mimi ni mtoto wa mama mwenye ardhi, neno langu lina uzito. Mgeni akiomba anapewa pa kulima vitu vya msimu, mahindi, maharage, njegere. Mti hapandi. Mti unabaki, na ukibaki, kesho watoto wake watasema mzazi wetu aliupanda, hapa ni petu. Kesi ngapi nimezikalia zilizoanza na mchungwa mmoja. Nikamwambia Mwalimu, "Upandishe pipa lako, uweke, utoe. Mti usipande." Akasema, "Mti wa nini, Bibi? Utaniziba anga."

Mti hakupanda. Alimwaga zege.

Alitaka pipa lisitikisike kwa upepo. Wanafunzi wake walipandisha saruji na nondo kichwani, wakafyeka, wakachimba, wakamwaga nguzo fupi, pana, yenye bolti zimechomoza juu. Nilipopanda kwenda kuona njegere zangu nilimkuta amesimama kando yake anafuta jasho, amefurahi kama mtu aliyejifungua.

"Bibi, hii haitikisiki hata miaka hamsini!"

Hamsini! Mchungwa wenyewe unaweza usifike huko.

Mkuu wa ukoo wetu ni mdogo wangu wa kiume. Nimembeba mgongoni, nimemfuta kamasi, lakini kwenye mambo ya ardhi yeye ndiye mkuu na mimi nasimama anaponisimamisha. Aliitisha kikao kwake, kule juu. Nilijua nini kiko mezani. Wakisema Mwalimu amenyakua, hapandi tena mlima ule, yeye wala pipa lake wala wanafunzi. Na mimi niliyemdhamini, siku nyingine nikifungua mdomo ukooni watanitazama kama ninatafuna tu, sisemi kitu.

Tulipanda asubuhi, mimi na yeye. Siku hizo mwezi ulikuwa umeanza kukua, giza safi limebaki la siku chache, na yeye alikuwa hajielewi. Alinitangulia, akanirudia, akanitangulia, kama mbwa anayepelekwa matembezi. Mtandao mlimani ni wa kubahatisha. Upo jiwe moja juu kabisa ya mgongo wa mlima, pale unakamata vizuri, lakini kutoka kwa mdogo wangu ni mwendo wa kukata pumzi.

Tukaketi. Wenye ardhi upande huu wa mkeka, mimi nikiwamo. Yeye upande ule, peke yake, miguu ameikunja, mikono ameipakata. Sijawahi kumwona amekaa hivyo. Wazee wakaanza, na wazee wetu hawakimbizwi. Mmoja alianza na babu yake. Mwingine akaanza na babu wa yule babu. Jua likapita utosini, sisi bado tuko kwenye mipaka ya zamani.

Ndipo simu yake ikatetemeka mfukoni. Mtandao ulipita tu, kama upepo, ukamwachia ujumbe mmoja. Aliusoma kwa pembe ya jicho. Nikaona uso wake umebadilika, nikajua. Mwanao.

Alivumilia mzee mmoja amalize. Akavumilia mwingine. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinacheza peke yake. Jua likaanza kuinama. Akainua mkono.

"Wazee wangu, naomba ruhusa nitoke. Nitarudi."

Mdogo wangu akamtazama. "Kesi ni yako. Unatoka unakwenda wapi?"

"Juu, kwenye jiwe la mtandao. Kuna kitu kimewaka huko mbali, mimi ndiye wa kusema kitazamwe au kisitazamwe. Jua likizama huko wenzangu waliko bila neno langu, watatazama vingine."

"Kitu gani?"

Akawaeleza, haraka haraka, shimo, mpira wa maji, manyunyu. Wale wazee walimsikiliza vizuri. Mdogo wangu akauliza, "Na huo mwanga ulitoka lini huko kwao?"

"Zamani sana, Babu. Kabla mlima huu haujainuka."

"Kabla ya mlima huu."

"Ndiyo."

"Umesafiri wakati wote huo, na hauwezi kusubiri sisi tumalize?"

Wakacheka wote, mpaka wake zao waliokuwa jikoni. Mmoja akasema, "Wanyamwezi! Walikuwa wanabeba pembe za ndovu, sasa wanabeba mwanga!" Mwalimu naye akacheka, hana la kufanya, lakini macho yalikuwa yamejaa maji.

"Umeshafika, Babu," akasema. "Ndiyo unapita sasa hivi. Wa kungoja ni mimi, na mimi sina muda."

Mdogo wangu akatikisa kichwa. Mtu anayesimama kesi yake ikisikilizwa amewadharau wanaoisikiliza, hilo kila mtu analijua, na ukidharau umeshindwa. Alisema, "Ukitoka, pale panabaki mahali patupu. Tutazungumza na nani?"

Mwalimu akabaki amepiga goti moja, hajasimama, hajakaa. Akanitazama mimi. Hakuniomba kitu, niseme ukweli. Alinitazama tu kama mtu anavyotazama mlango.

Nikainuka. Nikajikung'uta kanga, nikavuka mkeka, nikaenda kukaa alipokuwa amekaa yeye. Palikuwa pamoto.

"Zungumzeni na mimi," nikasema.

"Dada," mdogo wangu akasema, "wewe ni wa upande huu."

"Nilikuwa. Sasa hivi mimi ndiye niliyemwaga zege. Endelea."

"Dada, usifanye mchezo na kikao."

"Nimekaa kwenye vikao wewe ukiwa bado unanyonya. Endelea, jua linazama." Nikamgeukia Mwalimu. "Na wewe unangoja nini? Kimbia!"

Akakimbia. Viatu aliviacha pale mkekani.

Basi nikasikilizwa. Nilisemwa vibaya kuliko nilivyowahi kusemwa maishani, na watu wa damu yangu, kwa jambo ambalo sikulifanya. Waliniuliza nani alinipa ruhusa ya kujenga. Nikasema sikupewa. Wakaniuliza kama sijui kwamba kinachobaki ardhini kinadai ardhi. Nikasema niliambiwa habari ya mti, na mimi kwetu Tabora zege halioti majani. Wakacheka, halafu wakakasirika kwamba wamecheka. Mwishoni mdogo wangu akatoa hukumu: zege livunjwe, mabaki yateremshwe, ardhi ibaki kama ilivyokuwa. Pipa, kwa kuwa linakuja na kuondoka, halina kesi. Na mtu wa pipa anaweza kuja nalo.

Alirudi jua likiwa limezama, miguu imechanika, kanga imeshika miiba. Nikamweleza hukumu. Akasema asante kwa kila mzee, mmoja mmoja, amepiga magoti. Ndipo nikamvuta pembeni.

"Umesemaje?"

"Nimesema ndiyo."

"Una uhakika?"

"Bado sijui."

Nilitamani kumpiga.

Tulilala kwa mdogo wangu. Kulipokucha Mwalimu aliazima nyundo kubwa, akaenda kulivunja zege lake mwenyewe. Wanaume walijitolea, akakataa. Pale hakuna mtandao hata wa bahati, kwa hiyo alipiga lile zege asubuhi nzima hajui kama vioo viliona kitu au viliona giza tena, na mimi nimekaa kwenye matuta ya njegere nimeshika tama. Kila pigo alikuwa anasema kitu kwa Kinyamwezi. Sikumuuliza. Alikuwa ameichanganya vizuri saruji yake, maskini, haikutaka kuvunjika.

Tukateremka mchana, mikono yake imevimba malengelenge. Tulipokaribia Bigwa simu ikaanza kulia, ikalia, haikunyamaza, ujumbe juu ya ujumbe. Akaitazama. Halafu Mwalimu, mtu ambaye miaka yote hiyo sijamwona amekaa kwa hiari yake, akakaa chini, katikati ya njia, mavumbini, watu wa sokoni wanamkwepa na vikapu vyao.

"Amewaka, Bibi," akasema. "Amewaka kuliko tulivyofikiria."

Nikakaa naye. Mama mmoja akatuuliza kama tumefiwa.

Baada ya hapo pipa lilipanda mlimani juu ya mkokoteni mpaka njia inapoishia, kisha vichwani, na chini yake waliweka mifuko ya mchanga badala ya zege. Upepo ulilitikisa. Wanafunzi walijifunza kuvumilia. Mwalimu alizidi kutotulia, maana sasa walimtaka kila mahali, na mwishoni wale wenzake wa kusini walimchukua moja kwa moja. Alihama kwangu siku yenye mawingu. Nilipangisha vile vyumba kwa mhasibu mmoja, mtu mtulivu sana. Hana la kusimuliwa.

Kipupwe kilichopita alikuja. Nywele zimeingia mvi upande mmoja, upande mwingine bado. Mdogo wangu alikuwa ameumwa mguu, hashuki tena mjini, kwa hiyo tukapanda kwake, mimi nikipumzika kila kona na yeye akinizunguka. Tulimkuta amekaa kibarazani amefunika mguu kwa blanketi. Mwalimu akapiga magoti. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja kumwaga zege?"

"Hapana, Babu. Nimekuja kukuonyesha ulichotaka kukizuia."

Akatoa simu, akamwonyesha mchoro. Nikasogea nami. Zilikuwa nukta tu. Nyingi zimelala chini, zimejipanga kama mbegu kwenye tuta, muda mrefu, hakuna kitu. Halafu nafasi tupu, na nukta moja juu kabisa, peke yake. Kisha nyingine zinashuka, zinashuka, mpaka zinarudi chini.

"Hii ya juu ni lini?" mdogo wangu akauliza.

"Ule usiku wa kikao."

"Na hapa patupu, kabla yake?"

"Hakuna aliyekuwa anatazama."

"Na kesho yake ilikuwa inashuka."

"Ilikuwa inashuka, Babu. Tungechelewa siku moja tungeona mkia tu, na nisingejua ilipanda kiasi gani."

Mdogo wangu alishika ile simu muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kwenye kidevu ana kovu nililomtia mimi tukiwa wadogo, na pale lilipo ndipo anapojikuna akifikiri. Alijikuna.

"Itawaka tena?"

"Itawaka."

"Lini?"

Mwalimu akafungua mdomo, nami nikamwahi. "Usimuulize hilo," nikasema, "utakasirika bure."

Wakacheka wote wawili. Mdogo wangu akamrudishia simu yake kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu mtoto.

"Siku ikiwaka tena," akamwambia, "kama tumo kikaoni, usituombe ruhusa. Inuka uende. Dada atakaa."

Nikamwambia magoti yangu yameisha, na ule mkeka wake ni mgumu, na maneno niliyosemwa siku ile yananitosha mpaka kaburini. Safari hiyo atakaa yeye.

Hakukataa.